Madame Gertrude Dhena: Miaka Thelathini na Minne ya Kufundisha Mwani Mbali na Bahari

Jumamosi tarehe 2 Julai 2016, Madame Gertrude Dhena anastaafu baada ya miaka ya shule thelathini na minne akifundisha biolojia katika shule yetu hapa Bunia. Aliingia Septemba 1982, mwembamba na mkali. Wembamba umekwisha, ukali ungalipo. Mimi Théodore, mwalimu wa kemia, nimeombwa kuandika wasifu huu, nadhani kwa sababu yeye nami tumegombania kabati moja la maabara kwa miaka kumi na minane.

Kila aliyepita mikononi mwake anajua somo alilolipenda kuliko yote: Fucus, jenasi ya mwani wa kahawia unaoota kwenye miamba ya bahari baridi za kaskazini. Limo katika programu, kwa hiyo watoto ambao maji makubwa waliyowahi kuyaona ni Ziwa Albert lazima walijue. Madame hakuona shida. Alikuwa akionyesha kwa vidole vyake jinsi kishikizo kinavyong'ang'ania jiwe, kisha mshipa unaopita katikati ya utepe wa mwani, kisha vifuko vya hewa, viwili viwili, vinavyouinua majini. Wimbi lilipopiga alinesa mwili mzima, na vicheko vilifika hadi ofisi ya prefe, mkuu wa shule.

Mifano aliyotumia ilikuwa karatasi mbili za mwani uliokaushwa, zawadi ya marehemu Padri Adolphe, mmisionari aliyezaliwa karibu na bahari. Moja iliandikwa kwa mkono wa padri Fucus vesiculosus, ya pili Fucus nodosus. Mei 2003 tulipokimbia mji kwa sababu ya vita, wengine walibeba magodoro na masufuria. Madame alibeba watoto wake na karatasi hizo mbili.

Alifikia Oicha, kwa mama mwema aitwaye Kahindo. Mwani ule wa kwanza ulikuwa umebanduka kwenye karatasi, na kwa vile ulikuwa na harufu ya chumvi kama makayabo, wale samaki wakavu wa chumvi, Mama Kahindo aliulowesha. Ulipovimba na kulainika, aliamini kwamba wakimbizi wamemletea mboga kavu ya kwao, akautia chunguni pamoja na samaki. "Mboga ya kwenu iko nguvu," alimwambia mgeni wake jioni. "Nimeipika tangu asubui, inakatala kuiva." Madame alikula, akashukuru. Anasema ndiyo siku pekee aliyoulilia mmea.

Tuliporudi, maabara ilikuwa kuta tupu. Amani nayo ilikuwa ya kuviziana: mchana watu walisalimiana sokoni, lakini kila mmoja alijua njia atakayoshika siku risasi zikianza tena. Mwanzoni mwa 2006 tukapewa habari kwamba mkaguzi, Bwana Michel, atakuja kuamua kama seksio ya Bio-Chimie, yaani mchepuo wetu wa biolojia na kemia, iendelee au ifungwe, kwa kuwa hatukuwa na vifaa. Darasa la sita, la mwisho la sekondari, lilikuwa na wanafunzi ishirini na sita. Seksio ikifungwa, ingewabidi waende Kisangani kumalizia huko, na sote tulijua nani angeweza kwenda: karibu hakuna. Rébecca, binti aliyekuwa wa kwanza darasani na aliyetaka kusomea udaktari, alikuwa ameshaanza kuuza maandazi.

Siku mbili kabla ya ukaguzi, Madame alitoa ile karatasi iliyobaki ili aandae somo. Kwa miaka yote alikuwa akionyesha kwanza ile iliyopikwa, na hii ya pili akiipitisha harakaharaka mezani. Safari hii aliitazama sawasawa. Hapakuwa na mshipa wa katikati. Vifuko havikuwa viwili viwili, vilikuwa kimoja kimoja, vikubwa, vimefuatana katikati ya utepe. Alifungua kitabu cha uainishaji alichoazima parokiani, akaukuta: wataalamu walikuwa wameuhamishia jenasi nyingine, Ascophyllum, tangu karne ya kumi na tisa. Ukoo ni mmoja na Fucus, nyumba mbalimbali. Padri alikuwa ameandika jina la kale, na Madame, kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa amesoma karatasi badala ya mmea.

Sina budi kukiri: ni mimi niliyemshauri anyamaze. Mkaguzi mwenyewe hajaona bahari, nilimwambia, na katika Ituri nzima nani atajua? Alinitazama kama ninavyotazamwa na mke wangu nikirudi bila chumvi. "Prof Théo, batoto niliwaambia baangalie na macho yabo," alisema. "Sasa siye balimu ndio tufunge yetu?"

Bwana Michel alikaa nyuma, kalamu mkononi. Madame aliinua karatasi, akasema mbele ya wote kwamba amefundisha vibaya tangu 1982, akalikata lile jina kwa wino mwekundu. Nilitaka ardhi inimeze. Kisha aliwapa wanafunzi maelezo ya Fucus na ule mwani, akawataka watafute kila kinachokataa kulingana. Rébecca alisimama akaeleza yote bila kutetereka. Mkaguzi aliuliza maswali kwa saa nzima, na katika ripoti yake aliandika kwamba maabara haipo, lakini biolojia inafundishwa. Seksio ilibaki. Rébecca leo ni daktari.

Baada ya hapo Madame aliwaandikia wanafunzi wake wa zamani, wote aliojua walipo, kuwasahihishia. Barua moja ilifika Ariwara kwa mfanyabiashara ambaye hakuikumbuka Fucus hata kidogo, ila alijibu kwamba ni mara ya kwanza mwalimu kumwomba radhi. Nami ninamwelewa. Miaka ile, katika mji huu, kila upande ulikuwa na hakika kwamba kosa ni la mwingine, na hakuna aliyethubutu kusema, nimekosea. Mwanamke mmoja alilisema neno hilo mbele ya mtu aliyeweza kutufungia seksio, na dari haikuanguka.

Mwezi uliopita alifundisha Fucus kwa mara ya mwisho. Alichora vesiculosus ubaoni, akaweka viungo vya kiume na vya kike kwenye mmea mmoja. Caleb, wa darasa la tano, akanyoosha mkono: "Madame, hiyo iko ya spiralis, Fucus ingine. Ya vesiculosus, dume iko kivyake na jike kivyake." Madame alitazama, akafuta, akachora upya, akamshukuru. Darasa likaendelea kuandika, watoto wa Djugu na wa Irumu, ambao wazazi wao walikimbiana wakati wa vita, kwenye benchi moja, na hakuna aliyeshtuka.

Asante, Madame, kwa yote. Nenda ukalime maharage yako kwa raha. Tunakuombea uzee mtamu, afya njema, na wajukuu watakaokusahihisha bila woga.