Nyuki Waliokufa kwenye Fomu

LEOPOLDI: Haloo! Nani mwenzangu? Paza sauti, nimepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao!

BENIGNA: Shikamoo mjomba. Ni Benigna, wa dada yako Stela. Tangu asubuhi nakutafuta!

LEOPOLDI: Marahaba, mama! Yule wa kompyuta! Hamjambo huko Tabora mjini?

BENIGNA: Hatujambo. Mjomba, zile fomu za mizinga—

LEOPOLDI: Nimejaza zote! Mizinga mia mbili na arobaini, na mguu wangu huu mbovu.

BENIGNA: Ndiyo hizo. Mizinga mia mbili na kumi umeandika nyuki wamekufa! Nilipoziingiza kwenye ule msitu wetu wa kompyuta, unaobashiri pori litakavyokuwa, ukakauka wote. Nyuki hakuna, maua hayazai, miaka kumi mbele pori jeupe. Nimerudia mara sita, jibu lilelile—

LEOPOLDI: Wamekufa? Nani kakwambia wamekufa?

BENIGNA: Wewe, mjomba. Kwa mkono wako.

LEOPOLDI: Aa! Wamehama. Wako mbugani, migunga imechanua. Kila kiangazi wanakwenda, mvua ikinyesha wanarudi. Huku nani asiyejua?

BENIGNA: Sasa kwa nini ukaandika—

LEOPOLDI: Fomu ina visanduku viwili tu! Wapo. Wamekufa. Wamehama ningeandika wapi, kwenye soli ya kiatu? Na ningeandika wapo ningedanganya, mzinga mtupu.

BENIGNA: Si ungenipigia!

LEOPOLDI: Nilikupigia mara tatu. Ukasema uko kikaoni.

[mtandao unakwaruza]

BENIGNA: ...nilitengeneza mimi.

LEOPOLDI: Unakatika! Nini?

BENIGNA: Hiyo fomu! Nilitengeneza mimi!

LEOPOLDI: Basi usilie. Ongeza kisanduku, futa. Kompyuta si inafutika?

BENIGNA: Kompyuta inafutika. Kikao cha mkurugenzi wetu kimekaa jana, mjomba. Nimewaonyesha mwenyewe msitu ulivyokauka, wakanipigia makofi. Wameufunga msitu wenyewe, huo wenu, miaka mitano. Warina asali wote mtoke kabla ya Jumatatu.

LEOPOLDI: Tutoke twende wapi?

BENIGNA: Nakwenda kwa mkurugenzi sasa hivi, nitamwambia nimekosea, hata wanifukuze— Haloo? Salio linaisha—

LEOPOLDI: Ameshasaini?

BENIGNA: Mjomba, nakimbia, nitakupigia—

LEOPOLDI: Benigna, ameshasaini?

BENIGNA: ...Ndiyo.

LEOPOLDI: Mvua ikianza watarudi, mama. Sasa watamkuta nani huku—