Matoleo Mawili Kabla ya Saa Sita

Benchi la nyuma ya chuo cha wauguzi lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawajawahi kukosa jibu la jambo lolote. Asubuhi hiyo Fundi Somo, anayetengeneza masomo ya mtandaoni, alikuja na uso wa msiba. Kabla ya saa sita alitakiwa amwambie mkuu wa chuo masomo yafungashwe kwa toleo lipi la SCORM, ile kanuni inayouwezesha mtambo wa masomo kuyasoma na kutunza alama: la zamani au jipya. Mwaka jana alibahatisha. Alama za wauguzi mia mbili zikapotea, wakarudia mtihani. Sasa chuo kimenunua mtambo mwingine, na mkuu amemwambia kwa upole unaotisha: “Ukikosea tena, ndugu yangu, tusilaumiane.”

— Tofauti yake nini hasa? aliuliza Karani, mstaafu wa masjala.

— La zamani lina nafasi moja tu: umemaliza au umefaulu, unaandika humo humo. Jipya linatenganisha.

— Chukua la zamani. Kumaliza ndiko kufaulu! Mimi nilimaliza miaka thelathini kazini, nani aliniuliza kama nilifaulu?

— Hata sisi tulinyamaza kwa heshima tu, alisema Dokta, ambaye hutibu simu. Fundi, chukua jipya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

— Hapo wahenga wanakucheka, Dokta! alisema Karani.

— Wacheke. La zamani linasahau. Muuguzi akiacha somo kwenye kufunga bandeji, kesho linamrudisha kwenye kunawa mikono. Mtakuwa na wauguzi wasafi, wagonjwa wanavuja damu.

— Na jipya linakumbuka mno! alidakia Karani. Litakumbuka ulisinzia ukurasa wa tano, likushtaki kwa mkuu. Mchagua jembe si mkulima, Fundi. Fungasha yote mawili, moja ndani ya jingine.

— Yakigombana humo ndani?

— Yataamuliwa na la tatu.

Fundi Somo alicheka, akatazama saa. Alikuwa amehudhuria vikao sita na kuandika ripoti ya kurasa kumi na nne, yenye jedwali la rangi. Mkuu alilisifu sana lile jedwali.

Muuguzi mmoja, kikombe mkononi, alikuwa amesimama pembeni akisikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Huo mtambo mpya wenyewe unapokea lipi?

Karani alimtazama Dokta. Dokta alilitazama tofali.

— Swali zuri, dada, alisema Fundi Somo, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Katika vikao sita hakuna aliyeliuliza.

— Basi muulize mwenye mtambo.

— Ndiyo. Ni nani, kwani?

Muuguzi alishusha kikombe taratibu.

— Mwaka jana mtihani niliurudia na mtoto mgongoni. Juzi mkuu katutangazia kwamba msimamizi wa mtambo mpya ni wewe.