Imesema: Maisha ya Dedan Theuri Wambugu, Mpishi Mkuu wa Bia, Ruring'u (1966–2025)

Dedan Theuri Wambugu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966 katika kijiji cha Gatugi, Othaya. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Wambugu Ndungu na Mama Peninah Wangechi. Jina la Theuri lilitoka kwa babu yake mzaa mama.

Mama Peninah alikuwa akivundika uji wa mahindi na wimbi ndani ya kibuyu, unakaa siku tatu mpaka uwe mchachu. Kazi ya kuangalia kama umeiva alipewa Theuri, akiwa na miaka sita hivi. Hakuwa akionja. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kibuyu, kisha akampazia mama yake sauti: "Maitu, bado inaongea!" Siku ambayo kibuyu kilinyamaza, uji ulikuwa tayari. Majirani walimwita Daktari wa Uji, na jina hilo lilimfuata hadi sekondari.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1973 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1979. Kuanzia 1980 hadi 1983 alisoma sekondari ya bweni papo hapo Othaya. Huko alikaa dawati moja na Gikonyo, ambaye baadaye angekuwa mwajiri wake. Somo alilolipenda ni kemia, ingawa Gikonyo husema alilipenda kwa sababu ya harufu tu.

Mwezi Februari 1985 aliajiriwa katika kiwanda kikubwa cha bia jijini Nairobi, akianzia kuosha matangi. Wazee wa kanisa waliomba katika wasifu huu iandikwe "vinywaji" badala ya "bia", na familia imejitahidi, lakini kuna mahali haiwezekani. Mama Peninah naye, ambaye ni wa Chama cha Wanawake kanisani, hajawahi kulitaja neno hilo. Mtu akimuuliza mwanawe anafanya kazi gani, alijibu: "Ile yake ya uji." Theuri alikaa kiwandani miaka ishirini na minane na kupanda hadi kuwa msimamizi wa matangi ya kuchachusha. Mwaka 2013 zilikuja mashine zenye vioo vinavyoonyesha kila kitu, naye akarudi nyumbani.

Alifunga ndoa na Tabby Wairimu wa Mweiga tarehe 11 Desemba 1993. Walijaliwa Wendy mwaka 1995 na Mugo mwaka 1999. Alikuwa mume wa maneno machache na mikono mingi. Ndiye aliyekuwa akikanda unga wa chapati nyumbani kwao, na hakumruhusu mtu mwingine kuugusa. Baada ya kutoka Nairobi walilima viazi Mweiga, na Tabby hueleza kwamba mumewe alikuwa akisimama kwenye ghala la viazi kimya, kichwa kimeinama, mpaka akamuuliza: "Baba Wendy, na hizo pia zinaongea?" Akajibu: "Hizi ni bubu. Ndiyo maana nachoka."

Kwa hiyo Gikonyo alipomfuata mwaka 2016 na habari za kiwanda kidogo cha bia, hakuhitaji kumbembeleza. Walikodi ghala Ruring'u, si mbali na uwanja wa michezo. Tarehe 4 Julai 2016 waliwasha moto wa kwanza. Shayiri ilitoka Timau, asali ikatoka Mweiga. Hamira hawakununua. Theuri aliitengeneza mwenyewe kwa asali hiyo, mwezi mzima, na tangu siku hiyo kila tangi lililomalizika lilitoa jagi moja la hamira la kuanzisha tangi linalofuata. Hakuna nyingine.

Hapo ndipo dada yake mdogo, Monicah, alipoingia. Alikuwa amepima na kuandika kahawa ya wakulima katika kiwanda cha ushirika kwa miaka kumi na minane, na kaka yake alitaka mtu wa kuandika. "Mimi nikishika kalamu nasahau kusikia," alimwambia. "Wewe andika kila kitu." Monicah alinunua daftari kubwa jeusi na kulichora safu: tarehe, namba ya tangi, shayiri, asali, joto asubuhi, joto jioni, kipimo cha sukari. Safu ya mwisho aliiacha bila jina kwa sababu hakujua aiite nini.

Hamira ile ilikuwa na tabia yake. Hula sukari, hutoa mapovu, halafu hunyamaza. Kipimo nacho husimama pale pale, na mtu yeyote angesema bia imekwisha kuchacha. Lakini mara nyingine huwa imepumzika tu, na ukiifunga katika chupa, huamka humo ndani. Theuri aliweka sikio kwenye chuma cha tangi kila asubuhi saa mbili. Alisema, "Hii imelala, haijamaliza," na watu wakaendelea na kazi nyingine. Ikafika siku akainuka, akajifuta sikio kwa leso na kusema neno moja: "Imesema." Monicah aliandika katika ile safu ya mwisho, *Imesema*, na saa. Wasike, msaidizi wake kutoka Bungoma, alifunga valvu.

Siku moja Monicah alimuuliza imesema nini. Theuri alimtazama kwa uso mkavu. "Imesema wewe unauliza maswali mingi." Watu walicheka, naye Monicah akacheka, na hakuuliza tena kwa miaka minane.

Mara moja tu bia ilifungwa bila yeye. Ilikuwa tarehe 20 Novemba 2021, siku ya ruracio ya Wendy, na Theuri alikuwa nyumbani akipokea wakwe walioleta mahari. Gikonyo alisoma kipimo, akasoma tena, akaamuru chupa zijazwe. Wiki tatu baadaye chupa hizo zilipasuka katika hoteli moja mjini, watu wakiwa wanakula mbuzi. Hakuna aliyeumia, lakini mkaguzi alikuja na kusema wazi kwamba mara ya pili hakutakuwa na onyo, ni kufuli. Theuri hakumlaumu mtu. Alimwambia Gikonyo, "Si ungenipigia simu uiweke kwa tangi nisikie?" Watu walidhani ni mzaha.

Baada ya hapo alianza kumfundisha Wasike. Asubuhi baada ya asubuhi wanaume wawili wazima waliinama pande mbili za tangi kama watu wanaosengenya.

"Unasikia?"

"Nasikia, mzee."

"Unasikia nini?"

"Nasikia uji inachemka."

"Hiyo ni juu. Enda chini ya hiyo."

Wasike alienda chini ya hiyo kwa miaka mitatu na hakufika.

Mwezi Januari mwaka huu Theuri alianza kushindwa kumeza ugali. Tarehe 6 Machi madaktari walithibitisha kwamba ni saratani ya koo. Alitibiwa katika hospitali mjini Nyeri, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Kati ya matibabu aliendelea kwenda Ruring'u, akiwa amejifunga skafu, na kusikiza. Mwezi Juni sauti ikamwishia. Kuanzia hapo, badala ya kusema, aligonga tangi mara mbili kwa kidole cha pete, na Monicah aliandika *Imesema* kama kawaida.

Tarehe 17 Julai tangi la tatu lilijazwa. Ilikuwa pombe ya mia mbili na kumi na nne katika daftari, na ndani yake liliingia jagi la mwisho la hamira. Siku mbili baadaye Theuri alilazwa na hakutoka tena.

Monicah alimtembelea tarehe 26 Julai na daftari mkononi. Alikuwa amekaa nalo nyumbani siku nzima, akipitia kurasa zote. Joto lilikuwapo, shayiri ilikuwapo, vipimo havikuruka hata siku moja. Na katika safu ya mwisho, mara mia mbili na kumi na mbili, kulikuwa na neno lile lile. Pengo lilikuwa moja tu, la ile siku ya ruracio. Alimpa kaka yake kalamu na kumwomba aandike anachosikia bia ikiwa imemaliza. Theuri alimtazama kwa mshangao wa kweli. Aliandika polepole: *Usijali. Iko kwa kitabu yako.*

Alikuwa akiamini hivyo. Miaka tisa alikuwa amemwona dada yake akiandika kila yeye alipofungua mdomo, akadhani amekwisha kuyaweka yote pale. Monicah naye miaka tisa alikuwa amemwona akisikiza, akadhani sikio litakuwapo. Alimshika mkono na kumwambia ndiyo, iko.

Alienda Gatugi kumuuliza mama yao mtoto yule alikuwa akisikia nini kwenye kibuyu. Mama Peninah alifikiri sana. "Mimi sijui," alisema. "Yeye akishatoka, mimi nilikuwa naonja na kijiko."

Jumapili tarehe 10 Agosti, saa za kutembelea wagonjwa, Wasike alikuja wodini na simu. Alikuwa amelirekodi tangi la tatu kwa dakika mbili. Monicah aliiweka simu kwenye sikio la kaka yake. Theuri alifumba macho, na Tabby, aliyekuwa amekaa miguuni, anasema ule uso ulikuwa ule wa ghala la viazi. Rekodi ilipokwisha aliinua kidole kimoja.

"Moja?" Wasike aliuliza. "Siku moja, mzee? Ama wiki moja?"

Kidole kilibaki juu.

"Ama ni kusema ngoja?"

Theuri alikishusha kidole juu ya daftari na kukiacha hapo. Hakugonga. Muuguzi akaja kusema muda umekwisha. Nje, kwenye ngazi, Gikonyo alikuwa akingoja. "Monicah, si wewe ndio uko na kitabu? Amesema nini?" Monicah alifungua ukurasa na kumwonyesha alichoandika: *Ameinua kidole.*

Dedan Theuri Wambugu alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Leo, Jumatano tarehe 20 Agosti, tangi la tatu lina siku thelathini na nne. Kipimo kimesimama tangu wiki iliyopita. Likifungwa kabla ya wakati, chupa zitapasuka na kufuli itawekwa. Likikaa zaidi litageuka siki, na hamira itakwenda nalo. Gikonyo ameahidi wafanyakazi wote wanane kwamba hataamua mpaka mazishi yapite. Wasike aliweka sikio asubuhi hii kabla ya kuja hapa mazishini, na alipoulizwa alitikisa kichwa, akasema: "Iko kimya tu. Lakini sijui ni kimya gani." Monicah ameandika tarehe na joto. Safu ya mwisho iko tupu.

Marehemu ameacha mjane, Tabby Wairimu, watoto, Wendy na Mugo, mkwe, Mutuku, mjukuu mmoja, Theuri mdogo, mama yake, Peninah Wangechi, ndugu wanne, akiwemo Monicah, rafiki yake Gikonyo, na Wasike pamoja na wenzake wa Ruring'u, ambao familia inawahesabu kuwa wake.

Tumezoea kusema kwamba mtu aliyekufa katika Bwana amelala. Theuri alijua kutofautisha kulala na kumaliza, na sisi aliotuacha hatujui. Mungu, anayesikia chini ya pale tunapofika sisi, aweke sikio. Alale salama.