Kidato cha Tatu Kishuke

Wapendwa mliotufikia leo, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kuzungusha maneno, nami sitazungusha.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, na mama, huyu aliyeketi mbele yenu, husema kwamba mtoto huyu alitoka tumboni akiwa tayari na swali. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1988, akaingia chuo cha ualimu, na mwaka 1999 akarudi tena darasani kusomea elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, shangazi zetu wakamuuliza kama masomo mengine yalikuwa yamekwisha.

Tarehe 15 Januari 2001 alipangiwa sekondari ile ya ghorofa, akaitumikia hadi mwisho. Wengi mnaijua desturi yake, vidato viwili vya mwanzo hukaa chini, cha tatu hupanda ghorofa ya kwanza, cha nne hukaa juu kabisa na kuwatazama wenzao kama wenye nyumba, na lifti haipo. Mwaka 2009 binti mmoja wa kiti cha magurudumu, aliyeongoza hisabati, alifika kidato cha tatu, akawa anabebwa mgongoni na wavulana wa darasa lake mbele ya shule nzima, akaacha kunywa maji tangu asubuhi ili asilazimike kushushwa kwenda chooni, na kabla ya mwaka kwisha akaacha shule kabisa. Jambo hilo lilimuuma dada, na tangu hapo akawa na ombi moja, kwamba darasa lenye mtoto asiyeweza kupanda libadilishane na la chini, basi.

Madogo mengi aliyashinda, wenye uoni hafifu wakapata muda wa ziada kwenye mitihani, na mwalimu wa fizikia akajifunza kuacha kuongea na ubao, kwa ajili ya mvulana aliyesoma midomo. Lakini hili la darasa, wakuu wanne wa shule walimjibu kwamba desturi ni desturi, wazazi wa kidato cha nne watalalamika, subira yavuta heri. Mwaka 2016 wakajenga njia ya mteremko ya zege, wakapiga picha na wageni, kumbe inaelekea ofisi ya mkuu, kana kwamba watoto wale huja shuleni kuadhibiwa tu. Walimu wenzake wakambatiza Mwalimu Ngazi, naye akaitika.

Tarehe 12 Desemba 1998 alikuwa ameolewa na shemeji yetu, fundi seremala, wakajaliwa binti na mwana, na shemeji ndiye aliyechonga meza za juu kidogo ambazo kiti cha magurudumu kinaingia chini yake. Watoto walipiga marufuku habari za ngazi wakati wa kula, marufuku ambayo haikudumu hata mlo mmoja.

Februari mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, daktari akamkataza kupanda ngazi, na siku hiyohiyo kidato cha nne kizima kikaanza kushuka chini kumfuata katika vipindi vyake, wala hakuna mzazi aliyelalamika. Dada alirudi nyumbani akalia kwa hasira, akamwambia shemeji, "Kumbe walikuwa wanaweza."

Alilazwa tarehe 20 Oktoba, na kila aliyekwenda kumjulia hali aliulizwa kama kidato cha tatu kimeshuka, maana yupo binti wa kidato cha pili, amekaa pale karibu na mama yake, ambaye Januari anatakiwa kupanda na hawezi. Tulimjibu bado, tukabadilisha mazungumzo. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani ambao hawajatuacha peke yetu tangu msiba utufike, na walimu wenzake, waliomtania na kumpenda.

Jana uongozi wa shule ulituarifu kwamba maktaba mpya itapewa jina lake, nasi tukashukuru, mpaka tulipouliza iko wapi, tukaambiwa ghorofa ya pili. Mwalimu Mkuu, wewe ni mgeni wetu na tunakuheshimu, lakini familia imekaa, na mama amesema kibao cha jina lake kisitundikwe. Mshushieni kwanza mtoto huyu darasa lake, mbele ya watu hawa wote tunaliomba, na Januari tutakuja kuangalia.

Dada, pumzika. Habari ya amani tutakuletea shule zikifunguliwa.