Historia ya Kaka Yetu, Mtunza Daftari la Watoto

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma, na kwa kuwa yeye alichukia habari zilizopunguzwa, sitapunguza.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko hadi 1974, kisha sekondari hadi 1978, mbishi tangu utotoni, mtu wa kubishana na mwalimu hadi kengele inalia.

Aliajiriwa masjala ya hospitali ya wazazi tarehe 2 Januari 1982, akakabidhiwa daftari la watoto wachanga waliofariki, na kompyuta zilipoletwa mwaka 1996 ni yeye aliyeliingiza lote, lile la karatasi likachomwa kwa amri. Alijifunza kuandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe, akazipenda hasa zile za kubadilisha maandishi kwa ruwaza, ambapo huiambii mashine neno lenyewe, unaiambia umbo la neno, nayo inalisaka popote lilipo. Tukampachika jina Mzee Ruwaza, akalifurahia.

Alifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1989 na mkunga wa hospitali hiyohiyo, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mtoto wa kiume tarehe 20 Februari 1991, aliyeishi siku tatu, kisha mabinti wawili, 1993 na 1996.

Tarehe 9 Juni 2003 aliagizwa aondoe maelezo ya wauguzi yaliyokuwa ndani ya mabano, akaandika ruwaza ya mstari mmoja, ianzie bano la kufungua, ifute hadi bano la kufunga, asiiambie isimame kwenye bano la karibu, nayo ikaenda hadi la mwisho la kila ukurasa, ikameza majina yote ya katikati, na yeye aliyewagombeza wenzake kila siku kwamba nakala kwanza, jamani, siku hiyo nakala hakuchukua. Watoto mia mbili na kumi na saba walibaki tarehe tupu, na mmoja wao alikuwa wake.

Majuto ni mjukuu. Kwa kanuni ya masjala jina halirudi hadi mama mzazi alitaje na kutia saini, basi kaka alitembea nyumba kwa nyumba miaka kumi na sita, akafukuzwa, akamwagiwa maji, akakaribishwa pia, na mara nyingi tulimkuta amesimama peke yake akiitika, hali hakuna aliyemwita, akisema wale watoto wanamuuliza wameandikwa wapi. Niliogopa, sitaficha. Alirudisha mia mbili na kumi na sita. La mwisho alilijua vizuri, lakini shemeji alikataa kutia saini, akasema hatamkabidhi mwanawe kwa mkono uleule uliomfuta, na kila tarehe 9 Juni kaka alimwekea fomu mezani, na kila mwaka ikabaki tupu.

Alianza kuugua figo Novemba 2021, akalazwa tarehe 11 Mei 2022, akafariki tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa masjala, ambao leo nina kazi yao mkononi. Asubuhi hii shemeji amenipa fomu, ina jina, ina saini, na saini ni ya tarehe 1 Juni. Anasema alikuwa anaingoja tarehe tisa ampe.

Kaka, pumzika kwa amani, mwanao anaandikwa.