Dawa ya Maji ya Kompyuta

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi, Dada. Simu yangu imezima, hii ya mteja. Shikamoo.

DADA: Marahaba, mdogo wangu. Nikadhani ni wale wa kukwambia umeshinda gari. Mbona unasikika kama uko ndani ya pipa?

FUNDI: Niko chini ya meza, kompyuta ya watu iko kifua wazi. Sikia, naomba unichungulie kitu karakana—

DADA: Ngoja kwanza, tuna maneno mimi na wewe. Kaka yako kaanza tena.

FUNDI: Kaanza nini?

DADA: Utaniuliza kaanza nini? Pombe! Miezi saba ya kujisifu, leo saa nne asubuhi kaingia kwangu anapepesuka. Kagonga cherehani, gauni la bibi harusi chini. Ulimi mzito, hata jina langu linamshinda.

FUNDI: Kaka? Hapana bwana, Kaka ali—

DADA: Hapana nini, na mimi nina macho? Nimemfungia stoo alale mpaka imtoke. Wateja wanaingia hapa, uso nitauficha wapi?

FUNDI: [anaguna] Haya. Nikirudi jioni tutamkalisha chini. Sasa nichungulie rafuni, juu ya redio. Kuna chupa ya dawa, nataka kujua kama imebaki. Mashine hii inapozwa kwa maji, na maji yenyewe yameota ukungu, mipira yake yote imekuwa kijani.

DADA: Siku hizi na kompyuta zinakunywa dawa! Makubwa. [hatua, mlango] Haya, nimeingia. Redio naiona. Chupa siioni.

FUNDI: Ile ya juisi. Ilikuwa na kama glasi moja, rangi ya chungwa.

DADA: Juisi tena? Si umesema dawa?

FUNDI: Galoni lake lilipasuka, nikaihamishia humo. Ni ile ya rejeta za magari. Natia kidogo kwenye maji ya mashine, isishike kutu—

DADA: Aa, hii hapa dirishani. Lakini tupu.

FUNDI: Tupu vipi?

DADA: Tupu. Imeoshwa, imeinamishwa ikauke. Si unamjua Kaka, tangu aache pombe ni kuosha vyombo na kulamba sukari. Leo ndiye aliyefagia humu.

[bisibisi inaanguka sakafuni]

DADA: Haloo? Umepotea?

FUNDI: Dada. Ulisikia harufu?

DADA: Harufu gani?

FUNDI: Ya pombe. Kwa Kaka.

DADA: Hao wanajua kuficha, mtu atatafuna karafuu, ata—

FUNDI: Uliisikia au hukuisikia!

DADA: [polepole] Sikuisikia.

FUNDI: Alisema amekunywa nini?

DADA: Aliapa hajaonja kitu. Alisema ameku... [mtandao unakwaruza]

FUNDI: Sema tena!

DADA: Juisi. Amekunywa juisi yako, atakununulia nyingine. Nikamwambia uongo huo akawadanganye walevi wenz— Mungu wangu. Mdogo wangu, kile kitu—

FUNDI: Ni tamu, Dada. Ni tamu na ni sumu. Inamlevya mtu kwanza, halafu inamla figo. Saa hizi saa ngapi?

DADA: Saa tisa kasoro.

FUNDI: Toka asubuhi! Anaongea?

DADA: Aligonga mlango, akaomba maji. Mimi nikaendelea kushona.

FUNDI: Lini?

DADA: Adhuhuri. Toka hapo kimya. Nikasema afadhali, kalala.

FUNDI: Kimbia kafungue! Kimbia, usikate simu! Mpigie kelele yule jirani mwenye teksi. Hospitali kubwa, sikia, usimpeleke zahanati. Usimtapishe. Galoni lililopasuka liko chini ya meza yangu, libebe, wasome lebo—

DADA: [anahema] Ninalo. Jirani! Jirani, leta gari! Ufunguo... siyo huu, ni huu—

FUNDI: Taratibu, Dada.

DADA: Umefunguka. Kaka! Kaka, amka!

FUNDI: Anapumua?

DADA: Anapumua mbiombio, kama aliyefukuzwa. Ametapika. Yuko hapa hapa mlangoni, alilala akiegemea mlango.

FUNDI: Ni mimi niliyeiweka kwenye chupa ya juisi. Si wewe, unanisikia? Ni mimi—

DADA: Nyamaza kwanza! Anafumbua macho. Anasema kitu.

[mlio wa salio]

FUNDI: Anasemaje? Dada, salio la watu linaisha, anasemaje?

DADA: Anaapa. Bado ananiapia hajaonja pombe.

FUNDI: Mwambie tunamwamini!

DADA: Nimeshamwambia. Mara tatu nimemwambia. Hanisikii, anaapa tu, anaapa tu na—

[simu inakatika]

FUNDI: Dada? Haloo? Dada!