Waliopita Katika Chumba cha Kuchapia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walio wazima, asifiwe na sisi tuliookotwa sakafuni. Wengi wenu mnanijua kama Mama Tumaini, yule anayechapa vitambaa vya kwaya. Leo sikuleta kitambaa. Nimekuja kusema jambo nililolificha kwa aibu, na naomba mnivumilie hadi mwisho, maana katikati yake mimi si mtu mwema.

Nimezaliwa Puge, nimeolewa hapa Tabora. Mume wangu anafanya kazi relini kule Tura, anarudi nyumbani mwisho wa juma. Tulipanga nyumba pembezoni mwa mji, njia ya kwenda Kwihara. Siku ya kwanza mwenye nyumba alituambia, kama mtu anayeonyesha kisima kilipo, kwamba njia ya zamani ya misafara ilipita pale pale. Watu waliofungwa shingo, wapagazi na pembe za ndovu mabegani, wakielekea pwani. Nilisikia, nikasahau. Nilikuwa na kazi.

Kazi yangu naifanyia nyumbani. Nina fremu za mbao zilizokazwa kitambaa chembamba kama chujio. Unakipaka dawa, unaweka mchoro juu yake, unaanika kwenye mwanga. Pale mchoro ulipokinga mwanga dawa inatoka kwa maji, na rangi itapita hapo tu. Kisha unatandika kitenge mezani, unalaza fremu, unavuta rangi kwa mpira, unainua. Njiwa, msalaba, chochote ulichochora. Lakini dawa ile haitaki mwanga kabla ya wakati wake, kwa hiyo dirisha la chumba nililiziba kwa turubai na blanketi, na chini ya mlango nikasokomeza matambara. Mvua zilipoanza na vitambaa vikawa havikauki nje, nikaingiza jiko la mkaa humo humo. Mkaa ukishakolea hautoi moshi. Nikaona nimepata akili.

Ndugu zangu, ndipo nilipoanza kusikia miguu.

Ilikuwa mchana, saa nane hivi. Tumaini, binti yangu ambaye hata kutembea alikuwa bado, amelala kwenye mkeka karibu na meza. Nilisikia miguu mitupu, mingi, ikipita nyuma yangu polepole kama ya watu waliochoka. Nikageuka, nikaona ukuta. Siku iliyofuata ikaja na pumzi, zile za mtu aliyebeba mzigo mzito. Siku nyingine kengele ndogo, na chuma kikiburuzwa, na wimbo wa sauti ya chini. Kichwa kiliniuma kama kimekazwa kamba. Nikitoka uani kuteka maji, kimya. Nikirudi na kufunga mlango, baada ya muda wanaanza tena, kana kwamba walikuwa wananingoja.

Nilikemea kwa jina la Yesu. Nilifunga na kuomba, nikamsihi Mungu atume malaika ailinde nyumba yangu. Miguu iliendelea kupita.

Siku moja nilikuwa nachapa njiwa kwa ajili ya sare za kina mama. Nilipoinua fremu sikuona njiwa. Niliona watu. Vichwa vidogo vyenye mizigo, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka upindo hadi upindo, na wa mwisho amegeuza uso ananitazama. Nilikibeba kitambaa nikakimbia nacho uani. Kwenye mwanga walikuwa njiwa.

Wakati huo mama mkwe wangu, Bibi Kabula, alikuwa anakaa nasi. Ni mjane, alitoka Ipole kuja kunisaidia mtoto. Maisha yake yote ameishi na mizinga ya nyuki, na moshi wa miaka mingi umemwachia macho mekundu. Mnajua huku kwetu macho mekundu ya bibi kizee yanasemwaje, kwamba ni ya mchawi. Mimi nilikuwa nikimtetea. Lakini siku moja nikiwa nafua uani, nilijikuta naimba kwa midomo iliyofumbwa wimbo niliousikia mle chumbani, wimbo wa watu wale. Mama mkwe aliacha kuchambua mlenda.

"Nani kakufundisha huo?"

Nikamwambia hakuna. Akasema babu yake alikuwa akiuimba, naye aliupata kwa baba yake aliyekuwa mpagazi. Ni wimbo wa kubadilisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine.

Sikumwuliza zaidi. Nikasema, kumbe anawajua. Kumbe ni watu wake. Ndiye aliyewaleta.

Nilimwambia jirani mmoja. Mmoja tu, ndugu zangu! Haikupita wiki, mtaa mzima ulikuwa umeacha kumsalimu mama. Watoto waliokuwa wakimpa shikamoo walivuka upande wa pili. Wanaume walianza kusimama mbele ya nyumba yetu bila kusema neno, wakitazama mlango. Mume wangu alikuwa Tura na sikumpigia simu. Nyote mnajua mambo ya namna hii huishia wapi. Na mimi nilijua, nikanyamaza.

Asubuhi moja mama alifunga nguo zake kwenye kanga, akasimama mlangoni. Nilimwamkia bila kumtazama usoni. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mbona unapepesuka?" Nikamwambia ni uchovu. Alimshika Tumaini kichwani, akaenda stendi kutafuta gari la Ipole. Mungu anisamehe, nilishukuru. Nikasema sasa nyumba imekuwa safi. Nikakoleza jiko, nikafunga mlango nifanye kazi kwa amani.

Siku hiyo walikuja mapema. Na safari hii hawakupita, walisimama. Nilihisi chumba kimejaa watu bega kwa bega, nikahisi na joto la miili yao. Nikataka kumbeba mtoto nitoke, miguu yangu ikakataa. Nililala chini karibu naye. Nikasikia sauti inaniambia nipumzike, niweke mzigo chini. Ilikuwa sauti nzuri. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba ilikuwa nzuri.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Mama alikuwa stendi, furushi lake limeshapakiwa garini, lakini moyo ukakataa kupanda. Alikuwa bado ananiona nilivyoyumba pale mlangoni, akijiuliza ni wapi amewahi kuona kiumbe kinachotembea vile. Akakumbuka. Ni nyuki. Nyuki aliyepulizwa moshi hutembea hivyo kabla ya kulala, na ukimzidishia haamki. Aliliacha furushi lake garini, akarudi kwa miguu kwenye mvua, kwenye mtaa ule ule uliotaka aondoke.

Alipiga hodi, hakujibiwa. Akaokota jiwe, akavunja dirisha, akawa anavuta blanketi. Wale wanaume walimwona. Wakamkimbilia wakidhani wamemfumania mchawi kazini, mmoja akamkamata mkono, mwingine ameshashika tofali. Bibi yule hakupigana nao. Aliwaambia, "Nishikeni baadaye. Mtoto kwanza."

Haleluya! Mungu aliweka kitu ndani ya maneno yale. Tofali lililookotwa kumpiga yeye ndilo lililovunja kitasa.

Nilipofumbua macho nilikuwa barazani, mvua inanipiga usoni. Mama amempakata Tumaini, anampulizia pumzi mdomoni, anamsugua mgongo, anamwita kwa Kinyamwezi. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Nilikuwa naona lakini sina sauti. Nikasema moyoni, Bwana, huyu hana kosa, mwenye kosa ni mimi. Kisha Tumaini akakohoa. Akalia. Nimeimba kwaya tangu utotoni, lakini sijawahi kusikia sauti tamu kama kilio kile.

Hospitali walituwekea hewa ya oksijeni. Daktari akatueleza kwamba mkaa ukiwaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huumiza kichwa, huweza kumfanya mtu aone na asikie visivyokuwepo, mwisho humlaza moja kwa moja.

Tuliporuhusiwa, mume wangu alikuwa amekwisha fika. Niliwaita majirani mbele ya nyumba, nikasema kwa kinywa changu kwamba mimi ndiye niliyemzushia mama. Nikapiga magoti matopeni mbele yake. Nilitegemea anilaumu, na angekuwa na haki. Alinishika kiwiko akasema, "Inuka, mwanangu. Mtoto anataka kunyonya."

Daktari alinieleza miguu, akanieleza na wale watu kwenye kitambaa. Wimbo hakunieleza. Baadaye nilimwuliza mama kama labda alimwimbia Tumaini, nami nikausikia ukutani. Akasema hapana, hajauimba tangu wamzike babu yake. Kisha akasema walipita hapa kweli, na hawakupenda kupita, kwa hiyo tuwaombee. Tukawaombea, mimi na yeye, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Siku hizi nakaushia vitambaa chini ya banda uani, na sijasikia tena hatua yoyote.

Ndugu zangu, Bwana aliniokoa na sumu ya mkaa, namshukuru. Aliniokoa na nyingine mbaya zaidi, ile niliyompa jirani yangu kwa ulimi. Kama yupo hapa leo ambaye hofu imemwekea jina la mtu mdomoni, nakusihi usilitamke mtaani. Lipeleke kwa Bwana, umngoje. Mwamini, atajibu. Mimi niliomba malaika, na Bwana alikuwa amekwisha kuniletea mmoja. Alikuwa na macho mekundu, alikuwa anamwogesha mwanangu. Nikamfukuza. Akarudi.

Jina la Bwana litukuzwe. Amina.